Jarida la bure la sayansi ya kompyuta: namna ya kulianzisha na kulifanya lidumu

Miaka kadhaa iliyopita nilibofya kiungo cha makala niliyoiandika nikiwa mwanafunzi wa uzamili. Ilikuwa imetoka kwenye jarida dogo la kompyuta, la kusoma bure, likiendeshwa na walimu wanne kwa kujitolea. Kiungo kikanipeleka kwenye tovuti ya kubeti. Mikeka ya ligi za Ulaya, bonasi ya kujiunga, namba ya kulipia. Nikapiga simu kuuliza kulikoni. Kumbe domeni ilikuwa ikilipiwa kwa kadi ya mwalimu mmoja, naye alikuwa ameshakwenda masomoni ng'ambo. Barua za kumkumbusha malipo zilikuwa zinaingia kwenye anwani ya kazini iliyokwisha kufungwa. Makala za miaka mitano zikaenda na maji, maana hakuna kati ya wale wanne aliyekuwa na nakala kamili.

Mambo haya hayapo kwetu tu. Mikael Laakso na wenzake wawili walipohesabu majarida huria yaliyotoweka kabisa mtandaoni kati ya mwaka 2000 na 2019, walipata 174. Ndiyo maana mwongozo huu sikuuanzia kwenye kusakinisha programu, kama wengi wanavyofanya. Programu ni kazi ya mchana mmoja. Nimeanza na watu, kwa kuwa majarida niliyoyaona yakifa yalikufa kwa kukosa mtu wa pili mwenye funguo.

Kabla ya yote: je, linahitajika?

Watu wa kompyuta huchapisha zaidi kwenye mikutano kuliko kwenye majarida. Mtafiti wa ujifunzaji wa mashine anaota mkutano wa NeurIPS au ICML, na nakala ya awali anaiweka arXiv, hazina ya bure ya mtandaoni, bila kumngoja mtu. Jarida lako lazima limpe ambacho mkutano haumpi: nafasi ya kuweka uthibitisho mzima bila kukatiwa kurasa, raundi ya pili na ya tatu ya masahihisho, na uhuru wa kuwasilisha kazi inapoiva. Kwa mtafiti wa Mbeya au Bujumbura kuna la ziada. Ada ya usajili, nauli na viza ya mkutano wa Vancouver vinaweza kummaliza kabla hajasoma hata ukurasa mmoja jukwaani.

Sasa punguza upana. Jina kama "Jarida la Kompyuta na TEHAMA" linapendeza kwenye bango, lakini litakuletea mswada wa kriptografia Jumatatu, wa mfumo wa kusajili wanafunzi Jumanne, na wa roboti Jumatano, na hutapata wa kuipitia yote. Chagua eneo ambalo wewe na wenzako mnafahamiana na watu wake: teknolojia ya lugha za Kiafrika, mifumo inayohimili mtandao dhaifu na umeme wa kukatikakatika, usalama wa miamala ya simu. Kama eneo lako tayari lina jarida zuri la bure, jiunge nalo kama mpitiaji. Akili unde ina Journal of Artificial Intelligence Research tangu 1993, kabla watu wengi hawajajua tovuti ni nini. Mantiki ina Logical Methods in Computer Science. Nadharia ina Theory of Computing. Sioni fahari katika kuanzisha jarida la 3 la jambo ambalo lina mawili yanayolala njaa.

Nina kipimo kimoja ambacho hakijanidanganya: kaa chini, andika majina ya watu 40 wanaoweza kupitia miswada ya eneo hilo, nusu yao wasiwe wa chuo chako wala wa nchi yako. Ukikwama kwenye jina la 15, bado hujafika.

Hatua ya 1: watu, na nani anamiliki jina

Unahitaji mhariri mkuu, naibu wake, mhariri wa uzalishaji anayejua LaTeX, programu ya kupanga kurasa, na hachoki na koma, na wahariri washiriki 8 hadi 12. Wahariri washiriki wasiwe wa kupamba ukurasa. Kila mmoja akubali kwa maandishi kubeba miswada isiyozidi sita kwa mwaka, kwa muda wa miaka mitatu, kisha apumzike. Profesa mwenye jina kubwa asiyejibu baruapepe ana faida ndogo kuliko mhadhiri msaidizi anayejibu siku hiyohiyo.

Kisha andikeni katiba, kurasa mbili zinatosha. Isemeni wazi: jina la jarida, domeni na hifadhidata ni mali ya nani? Jambo hili lina historia yake kwenye fani yetu. Oktoba 2001 wahariri 40 wa jarida la Machine Learning walijiuzulu kwa pamoja, wakipinga makala za jumuiya yao kufungiwa nyuma ya bei ya mchapishaji. Waliweza kuondoka na ujuzi wao, lakini jina walimwachia mchapishaji, kwa kuwa lilikuwa lake. Bahati nzuri mwenzao, Leslie Kaelbling, alikwisha kuanzisha Journal of Machine Learning Research (JMLR) mwaka 2000, la bure kwa msomaji na kwa mwandishi, na leo ndilo miongoni mwa majarida yanayoheshimika zaidi katika fani hiyo. Ninyi msianze na deni hilo. Jina liwe la chama cha kitaaluma, idara au maktaba ya chuo, chombo kitakachokuwepo wewe ukistaafu.

Kila ufunguo uwe kwa watu wawili au watatu: nywila ya msajili wa domeni, ya seva, ya akaunti ya Crossref (shirika linalotoa DOI, kitambulisho cha kudumu cha makala), ya baruapepe ya jarida. Anwani ya msajili isiwe ya mtu wala ya chuo kinachofunga akaunti za wanaoondoka. Lipieni domeni miaka mitano kwa mkupuo. Hilo pekee lingeiokoa makala yangu.

Hatua ya 2: hesabu ya fedha, na hesabu ya saa

Fedha si nyingi. Domeni ni makumi machache ya maelfu ya shilingi kwa mwaka. Seva ndogo ya kukodi ni dola 5 hadi 20 kwa mwezi, na chuo kikikupa nafasi kwenye mitambo yake, au ukipewa na mtandao wa vyuo kama TERNET, KENET au RENU, hata hiyo inaondoka. Namba ya ISSN, ya kulitambulisha jarida, katika nchi nyingi haina malipo. Vitambulisho vya DOI kutoka Crossref ndivyo vilivyokuwa vikiumiza: kwa miaka mingi uanachama wa daraja la chini ulikuwa dola 275 kwa mwaka, pamoja na dola 1 kwa kila makala mpya. Lakini tangu Januari 2023 Crossref ina mpango uitwao GEM unaofuta ada zote mbili kwa nchi zilizo kwenye orodha yake, na Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa zimo. Nimekutana na wahariri wawili waliokuwa wanachangishana ada hiyo huku nchi yao imesamehewa.

Saa ndizo za kuhesabu. Kwa uzoefu wangu, mswada unaofika hadi kuchapishwa hula saa 12 hivi za wahariri, bila kuhesabu za wapitiaji. Unaokataliwa mapema hula 2. Ukipokea 80 kwa mwaka na kuchapisha 20, ni saa 360, yaani wiki tisa kamili za kazi ambazo hakuna atakayezilipa. Nendeni kwa mkuu wa idara na hesabu hiyo mkononi, mwombe uhariri uhesabiwe kwenye mzigo wa kazi na kwenye kupandishwa vyeo. Akikataa, bora mjue sasa.

Mwandishi asitozwe chochote. Nalisema hili kwa ukali, kwa sababu kishawishi kitakuja mwaka wa pili: "tutoze hata dola 50 tu za usindikaji." Siku unapoanza kulipwa kwa kila makala unayoikubali, uamuzi wako wa kukataa unakuwa na bei, na waandishi wataanza kukutazama kama wanavyoyatazama majarida ya kitapeli yanayowaandikia kila asubuhi "Dear Esteemed Professor".

Hatua ya 3: leseni na ISSN

Leseni ni CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kuitumia kazi mradi amtaje mwandishi, naye mwandishi abaki na hakimiliki. Wengine watataka toleo linalozuia matumizi ya kibiashara. Mimi nashauri msilitumie. Linamtia hofu mwalimu wa chuo binafsi, mwandishi wa kitabu, hata kampuni changa inayotaka kutumia mchoro wako, huku likishindwa kumzuia mwizi. Iandikeni leseni sehemu tatu: kwenye tovuti, kwenye ukurasa wa kwanza wa PDF, na kwenye metadata, yaani taarifa za makala zinazosomwa na mashine.

ISSN huombwa kituo cha taifa cha ISSN kama nchi inacho, la sivyo Kituo cha Kimataifa kilichopo Paris. Vituo hupenda kuona makala zilizokwisha kutoka, kwa hiyo andaeni toleo la kwanza kwanza. Jarida la mtandaoni na la karatasi hupata namba tofauti.

Hatua ya 4: mtambo

Kuna njia tatu, na sina upendeleo wa moja kwa kila mtu.

Ya kwanza ni Open Journal Systems (OJS), programu huria ya Public Knowledge Project (PKP), mradi ulioanzishwa na John Willinsky nchini Kanada mwaka 1998. Majarida mengi ya vyuo vyetu yako humo. Inapokea miswada, inawaalika wapitiaji, inakumbusha, inachapisha, na inatuma DOI Crossref. Inahitaji lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL kwenye seva. Ya pili ni kurasa za kawaida zisizobadilika, kama JMLR walivyofanya kwa miaka: faili za HTML na PDF, hakuna cha kudukuliwa, lakini kazi ya kufuatilia mapitio mnaifanyia kwingine. Ya tatu ni jarida lisilohifadhi makala lenyewe. Mwandishi anaiweka arXiv, jarida linaipitia na kuipa muhuri. Logical Methods in Computer Science na TheoretiCS hufanya hivyo kupitia jukwaa la Episciences la Ufaransa.

Ukichagua OJS, mambo matatu yatakupa usingizi. Folda ya mafaili ya waandishi iwe nje ya folda inayoonekana na tovuti. Maelekezo ya usakinishaji yanasema hivyo, na watu huyaruka, halafu siku moja mtu anapakia faili la PHP akijifanya ni mswada na kulifungua kwenye kivinjari. Pili, sasisheni toleo kila linapotoka. Tatu, baruapepe. Hili ndilo linalowatesa wengi bila wao kujua. Seva mpya isiyo na rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha barua imetoka kwa nani, hutuma mialiko inayoishia kwenye takataka, na tangu Februari 2024 Gmail wamekaza zaidi. Mhariri anakaa akilalamika kwamba wapitiaji wa siku hizi hawana adabu, kumbe hawajaona barua. Jitumieni majaribio kwenye Gmail, Outlook na anwani ya chuo kabla ya kumwalika mtu yeyote.

Hatua ya 5: mapitio

Hapa ndipo jarida linakuwa jarida, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mswada ukiingia, mhariri mkuu ana siku 7. Anasoma ikisiri, utangulizi, majedwali na marejeo. Je, uko ndani ya eneo letu? Una dai linaloweza kupimwa? Umeandikwa na binadamu anayejua anachosema? Ukishindwa hapo, ukatae kwa barua ya aya mbili yenye sababu halisi. Kumrudishia mtu mswada baada ya wiki moja si ukatili. Ukatili ni kumweka miezi minane halafu kumwambia haukuwa wa kwetu.

Marejeo yakagueni kwa mkono. Chagueni kumi bila mpangilio, fungueni DOI zake. Fani yetu ilikwisha kuaibishwa mapema: mwaka 2005 wanafunzi watatu wa MIT walitengeneza SCIgen, programu inayotunga makala za kompyuta zisizo na maana yoyote, na mwaka 2014 wachapishaji wawili wakubwa, Springer na IEEE, waliondoa zaidi ya makala 120 za aina hiyo zilizogunduliwa na Cyril Labbé. Zile mtu wa fani angezitambua kwa kuzisoma tu. Za sasa, zilizoandikwa na modeli za lugha, zinasomeka vizuri, na kinachozifichua mara nyingi ni rejeo la makala isiyokuwepo duniani. Sera ya jarida letu ni fupi: programu haiwi mwandishi, matumizi yake yatangazwe, na mwandishi anawajibika kwa kila neno. Na mpitiaji haruhusiwi kuubandika mswada wa mtu kwenye programu ya kuchati, kwa kuwa mswada ni siri aliyokabidhiwa.

Mswada uliopita kwa mhariri mkuu unakwenda kwa mhariri mshiriki, naye anatafuta wapitiaji wawili au watatu. Alikeni watano ili kupata wawili. Mfumo utawatumia barua ya Kiingereza iliyokauka. Kwa wale unaowafahamu, ongeza ya kwako. Nikimwomba aliyekuwa mwalimu wangu, huwa namwandikia hivi kwenye simu:

"Shikamoo Profesa. Samahani kwa kukusumbua. Nina mswada wa kurasa 14 kuhusu utambuzi wa sauti, naomba maoni yako ndani ya wiki tatu. Kama umebanwa niambie tu leo, nisikuongezee mzigo, na kama kuna kijana wako anayeliweza jambo hili naomba unitajie. Mwaliko wenyewe uko kwenye baruapepe."

Sentensi ya "Kama umebanwa" ndiyo yenye dawa. Mtu mzima wa kwetu huona aibu kusema hapana, kwa hiyo hunyamaza, na ukimya wake unakugharimu mwezi. Mpe mlango wa kutokea kwa heshima. Na huyo kijana anayetajwa, mara nyingi mwanafunzi wa uzamivu, ndiye atakayekuandikia mapitio ya kurasa tatu. Majina ya waandishi na mswada wenyewe visipite WhatsApp.

Wapitiaji wanaopendekezwa na mwandishi wachunguzwe. Ukiona profesa wa chuo kinachojulikana amepewa anwani ya Gmail, tafuta ukurasa wake wa kazini umwandikie huko. Wapo waliojipitia wenyewe kwa majina ya watu.

Kwenye jumuiya ndogo kama yetu, mgongano wa maslahi ni wa kila siku. Huyu alimsimamia yule, wale wawili wana mradi mmoja, mwingine ni shemeji. Wekeni mstari: asipitie wa idara moja na mwandishi, msimamizi wake wa wakati wowote, wala aliyeandika naye ndani ya miaka mitatu. Mhariri akiwasilisha kazi yake kwenye jarida lake, naibu anaichukua, na mhariri huyo anafungiwa asione chochote kwenye mfumo. DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida huria, inataka kazi za wahariri na wanabodi zisizidi asilimia 25 ya makala katika kila moja ya matoleo mawili ya karibuni. Nisingengoja wao waseme.

Fomu ya mpitiaji iulize mambo ya fani ya kompyuta, isiwe ile ya kuulizana kama mada ni "ya kuvutia". Sisi tunauliza: Dai kuu ni lipi, kwa maneno yako? Limelinganishwa na njia gani za awali, na hizo nazo zilipewa nafasi sawa? Jaribio limerudiwa mara ngapi? Data ya mafunzo na ya majaribio zimetenganishwaje? Uthibitisho umeufuata hadi mwisho au umeuruka wapi? Swali la nne ndilo linaloangusha wengi. Tuliwahi kupata mswada uliodai usahihi wa asilimia 99 katika kutambua magonjwa ya majani ya muhogo. Mpitiaji akaomba data. Jani moja lilikuwa limepigwa picha sita, nne zikaingia kwenye mafunzo na mbili kwenye majaribio. Modeli ilikuwa inakumbuka majani. Walipotenganisha kwa mmea badala ya kwa picha, namba ikashuka sana, lakini makala ikawa ya kweli, na tuliichapisha.

Msimbo na data viombwe tangu mwanzo. Mtu mmoja, asiyekuwa mpitiaji, ajaribu kuuendesha kwenye kompyuta yake kwa kufuata maelezo ya mwandishi tu. Wanafunzi wa mwaka wa nne ni hodari kwa kazi hii, na wapeni shukrani kwa majina. Mkitaka kuona mfano wa wazi kabisa, tazameni Journal of Open Source Software, lililoanza 2016: mapitio yake yote yako hadharani GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo, mpitiaji anaweka tiki kwenye orodha moja baada ya nyingine. Toleo la mwisho la msimbo lipelekwe Zenodo, hazina ya mtandaoni inayosimamiwa na CERN, kituo cha fizikia cha Ulaya, lipate DOI yake. Kiungo cha GitHub peke yake hakitoshi, kwani mwenyewe anaweza kukifuta akiwa na hasira.

Jumla ya muda tunaoulenga ni wiki 10 hadi jibu la kwanza. Tunaufikia kwa miswada mingi, si yote.

Hatua ya 6: kuchapisha

Tengenezeni kiolezo kimoja cha LaTeX, wekeni Overleaf, tovuti ya kuandikia LaTeX, mmalize. Anayetumia Word asifukuzwe, ila ajue mhariri wa uzalishaji atamhamishia na itachukua muda. Fonti zote ziwe ndani ya PDF. Chapisheni makala moja moja inapoiva, mkizikusanya kwenye juzuu ya mwaka. Kusubiri hadi toleo "lijae" kunamwadhibu aliyewahi.

Majina yanahitaji uangalifu. Mifumo hii inataka "jina la kwanza" na "la ukoo", na mwandishi wa Zanzibar anayeitwa Juma Ali Juma hana la ukoo kwa maana hiyo. Muulizeni mwenyewe anataka kunukuliwa vipi, mwandike hivyo kila mahali, na mwombeni namba yake ya ORCID ili kazi zake zisichanganywe na za Juma mwingine.

Kama jarida ni la Kiingereza, wekeni ikisiri ya Kiswahili pia. Mwandishi aiandike mwenyewe, akikwama kwenye istilahi bodi imsaidie. Kutafuta neno la Kiswahili la dhana yake kumewahi kumfanya mwandishi wetu mmoja agundue kwamba alikuwa ameitumia kwa maana mbili.

Hatua ya 7: kuonekana

Google Scholar wanataka kila makala iwe na ukurasa wake, ikisiri ionekane bila kuingia kwa nywila, metadata ya kichwa, waandishi na tarehe iwe sahihi, na PDF isizidi MB 5. OJS hufanya sehemu kubwa yenyewe. Picha za vielelezo zisizopunguzwa ukubwa ndizo huharibu hilo la mwisho.

Kwa watu wa kompyuta, dblp, orodha ya mtandaoni ya makala za fani hii, ni muhimu kuliko wengi wanavyojua. Ilianzishwa na Michael Ley kule Trier mwaka 1993, na sasa iko chini ya Schloss Dagstuhl. Waandikieni mkishakuwa na juzuu moja au mbili zenye mpangilio usioyumba. DOAJ hawatozi kitu. Wanahitaji jarida liwe limechapisha kwa zaidi ya mwaka mmoja au liwe na makala 10 za utafiti, litoe angalau 5 kwa mwaka, na sera zake zote zisomeke wazi. African Journals Online, lililoanza 1998 na ambalo sasa lina makao Afrika Kusini, hupokea majarida ya bara hili.

Mtaanza pia kupata barua za watu wanaouza "impact factor", kipimo cha jinsi makala za jarida zinavyonukuliwa. Futeni.

Hatua ya 8: kuhifadhi, na kurekebisha makosa

Ndani ya OJS kuna kiunganishi cha PKP Preservation Network, kinachosambaza nakala za jarida lenu kwenye maktaba kadhaa bila malipo, kwa teknolojia ya LOCKSS iliyoanzia Stanford. Jarida liwe na ISSN na makala angalau moja, mkiwashe. Zaidi ya hapo, kila mwezi nakala kamili ya hifadhidata na mafaili iende kwenye diski iliyo jengo jingine. Nakala isiyowahi kujaribiwa kurudishwa msiihesabu.

Makala yenye kosa haifutwi. Kosa dogo linawekewa masahihisho yenye tarehe. Kubwa, au udanganyifu, makala inatenguliwa: inabaki palepale na alama ya kutenguliwa kwenye kichwa na kwenye kila ukurasa wa PDF, pamoja na sababu. Miongozo ya COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, inaeleza taratibu, isomeni mapema, kabla hamjakasirika.

Hatua ya 9: zoezi kabla ya kufungua milango

Kabla ya kutangaza wito wa makala, mhariri mkuu azime simu wiki mbili na asiguse kompyuta ya kazi. Naibu na mwenzake wafanye haya peke yao: wapokee mswada wa majaribio, waupeleke kwa wapitiaji wawili, wauchapishe ukiwa na DOI ya majaribio, waongeze muda wa domeni, na warudishe tovuti nzima kutoka kwenye diski kwenye seva tupu.

Sisi tulikwama siku ya pili. Msajili wa domeni alikuwa akituma namba ya uthibitisho kwenye laini ya simu ya mhariri mkuu, na mhariri mkuu, kwa utii kamili wa zoezi, alikuwa Mafia akivua samaki. Tukasubiri arudi, tukahamishia uthibitisho kwenye programu iliyo kwenye simu tatu, tukaanza zoezi upya Jumatatu iliyofuata. Mara hii lililokwama lilikuwa diski: ilikuwa na hifadhidata yote, bila PDF hata moja.